Tulivyokwenda Mbarara Kuvisemea Vidimbwi vya Mihogo

Ninyi mliobaki kule Fizi, Kongo, mnaniuliza habari za huku kila tukipigiana simu, na mimi ninajibu kwa kifupi, kwa sababu simu inakatika na ninyi mnapenda kulia. Safari hii nimeona niandike. Shule yangu iliishia darasa la tatu kwa masista, kwa hiyo mtasoma kama ninavyosema. Anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwa wengine.

Sababu ya safari ni kilima. Nyuma ya kijiji chetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, kuna kilima cha mawe meusi, na chini yake bonde dogo lenye maji yanayotoka ardhini kiangazi na masika. Kampuni moja inataka kuchimba kilima hicho. Ndani yake, wanasema, kuna urani, madini ya kuwashia umeme wa miji mikubwa, nayo ina sumu ambayo jicho haliioni. Serikali haijakubali, haijakataa. Ilituma kwanza watu wa mazingira waje wapime: nani anaishi pale, maji yanakwenda wapi, mifugo gani inakunywa, kitu gani kitaharibika. Wakapima, wakaandika ripoti. Kabla ya kuamua wakatangaza kwamba mwenye neno juu ya ripoti hiyo aende Mbarara akaseme mbele ya wakubwa.

Pasta wetu alitusomea baada ya ibada, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Alipofika kwenye bonde akasoma kwamba maji yale hayatumiwi na mtu yeyote, na kwa hiyo mawe yatakayobaki baada ya kutolewa urani yatamwagwa humo.

Wanawake wote kanisani tukaangalia chini. Maneno hayo yalitoka kwetu.

Mnajua mihogo michungu ilivyo. Usipoilobeka majini siku kadhaa inaua. Pale bondeni kila mama amechimba kidimbwi chake, analobeka mihogo mpaka inalainika, anaitoa, anaanika, anatwanga. Chakula cha mgao kimepunguzwa, na bugali wa watoto wengi hapa unatoka kwenye maji yale. Lakini huku vidimbwi tunavifunika kwa majani ya migomba na nyasi. Wenyeji wetu ni Wanyankole, watu wa ng'ombe na matoke, na wakipita pale wanaziba pua na kutucheka. Tena aliwahi kuja bwana wa afya akasema maji yaliyosimama yanazaa mbu, akafukia vidimbwi vingine kwa jembe, mihogo ikiwa ndani. Tangu hapo, tukiona mtu mwenye kizibao cha serikali barabarani, anayemwona kwanza anapiga kelele, tunafunika haraka, tunakaa juu ya mawe kama watu waliokuja kupumzika.

Ndivyo tulivyowafanyia watu wa mazingira. Walituuliza, "Nyinyi munatumia hii maji?" Tukajibu kwamba sisi tunachota bombani. Ni kweli tunachota bombani. Wakatushukuru, wakaenda zao, wakaandika.

Kikundi cha wanawake kikachagua wawili wa kwenda kusahihisha. Mimi, kwa sababu siogopi mtu. Na Spesioza, jirani yangu, Mrundi, kwa sababu anajua kulia inapotakiwa. Mimi sababu hiyo ya pili sikuipenda.

Alfajiri ya kuondoka nilishuka bondeni peke yangu. Niliondoa majani juu ya kidimbwi changu, nikaingiza mkono. Mihogo ilikuwa imeiva, inavunjika kwenye vidole, na harufu yake ikanipanda puani. Nilisimama pale na maji yakinifika kwenye kifundo cha mguu na sikuwa tena Nakivale. Nilikuwa Kabumbe, kwenye mto wetu.

Mnaoishi karibu nao mnauona kila siku, labda hamuuoni tena. Mimi ninauona. Vidimbwi vya mama zetu vilipangana kando ya mto kutoka kwenye kona ya juu mpaka karibu na ziwa, vyote wazi, jua linaingia ndani. Mama yangu alikuwa ananishika mkono tukishuka, na kwenye kila kidimbwi ananiuliza, "Hii ya nani?" Ninajibu, ya Mama Eca. "Na hii?" Ya Nyassa. Msichana asiyejua kujibu hakutumwa mtoni peke yake. Hata mama aliyekufa, kidimbwi chake kilibaki na jina lake. Anayekirithi anasema, hii ya fulani, mimi ninaitunza tu. Na hakuna aliyeiba, maana kila mama alikata mihogo yake kwa namna yake, mwingine virefu, mwingine kwa mshazari, na kipande kikionekana kwenye mihogo iliyoanikwa na mwingine, kijiji chote kinajua kabla ya jioni.

Hapa Spesioza anafuata desturi hiyo bila kufundishwa na mtu. Alipofika kutoka Burundi na watoto mgongoni na mkononi, mwenzetu Atosha alimgawia nusu ya kidimbwi chake. Atosha alikufa, tukamzika kule kule kilimani, upande wa mawe. Kidimbwi kizima kikabaki kwa Spesioza. Mpaka leo akienda kulobeka anasema, "Ninashuka kwa Atosha."

Nilijaza beseni, nikalifunika kwa jani la mgomba. Spesioza akanikuta njiani, amevaa kitenge cha Pasaka na rozari shingoni.

"Umebeba nini?"

"Mihogo."

"Mibichi?"

"Ya kulobeka."

Akasimama. "Mama Wabiwa, sisi tunakwenda kwa wakubwa."

"Waliandika hapana kitu. Batanusa."

"Yesu na Maria."

"Mwache Maria apumzike. Shika beseni upande ule."

Kule Base Camp, fasi ya maofisi na soko, tulipata pikapu ya mzee Tumwine. Huyu ni Munyankole, anapakia matoke ya mashamba ya jirani na kupeleka Mbarara. Akatukaribisha mbele. "Kaaka, ingia," akaniambia. Kaaka ndiyo bibi kwa lugha yao, na mtu akinitamkia hivyo siwezi kumkasirikia mapema.

Barabara inapanda kidogo, na ukigeuka nyuma unaliona ziwa la Nakivale. Watoto waliozaliwa huku wanaliita ziwa kubwa. Lakini ng'ambo yake unaona mpaka ng'ombe wanaokunywa. Ziwa letu, ng'ambo ilikuwa mstari wa bluu tu, na siku za vumbi hata mstari hakuna, na tulipokuwa wadogo tulifikiri dunia inaishia pale. Ziwa hili halina kosa. Lakini mtu aliyelala usingizini akisikia mawimbi ya Tanganyika tangu tumboni mwa mama yake, umwonyeshe nini?

Hatukwenda mbali, Tumwine akashusha kioo. Akashusha na cha upande wetu.

"Kaaka, kitu gani imekufa ndani ya hiyo beseni?"

"Hakuna kilichokufa. Ni chakula."

"Chakula ya nani?"

"Ya kwangu."

"Sasa hiyo unapika ama unazika?"

Spesioza akacheka mpaka akashika mbavu, msaliti mkubwa. Mimi nikamwambia Tumwine, "Ninyi mnaweka maziwa yanalala, yanachacha, yanaganda, halafu mnasema matamu. Nimewahi kuwauliza nani amekufa?"

Akapiga usukani kwa kiganja. "Hapo umenishika," akasema. Lakini alisimamisha gari, akalipandisha beseni nyuma juu ya matoke, na safari ikaendelea kwa amani.

Tulipofika mji mdogo wa Kaberebere, Tumwine alisimama kuongeza mikungu. Tulinunua chai na ndizi za kuchoma, tukanywa tumesimama. Tumwine akauliza shughuli yetu ya Mbarara, nikamweleza yote, kilima na bonde na mawe ya kumwagwa. Akaacha kutafuna.

"Maji ya hiyo bonde inashuka kwangu," akasema. "Jua ikikausha fasi zote, ng'ombe yangu inakunywa hapo chini."

"Basi njoo useme."

"Mimi nilifikiri ni mkutano ya wenye ardhi kubwa kubwa."

"Na sisi tulifikiri hivyo."

Tumwine aliendesha kutoka pale mpaka mjini bila kutania tena.

Jioni tulifika Ruti, pembeni mwa Mbarara kwenye barabara ya Kabale, kwa Riziki. Wengi mnamkumbuka: binti wa mwalimu, nyumba yao ilikuwa karibu na kivuko cha Kabumbe. Sasa ni mama mtu mzima, anauza vitenge sokoni, ana nyumba ya matofali na geti la chuma. Alitupokea vizuri. Nilipofunua beseni ili mihogo ipate hewa, yeye alikuwa anatoka jikoni na sahani. Akasimama mlangoni.

"Mama Wabiwa," akasema. "Hiyo harufu."

Nilifikiri atanifukuza nayo nje. Akaweka sahani chini, akachuchumaa, akachukua kipande, akakivunja, akanusa vidole vyake kama mtoto.

"Huku minanunua unga kwenye paketi," akasema. "Haina harufu hata kidogo. Nilisahau kama ilikuwa na harufu."

Tulikaa uani mpaka giza likaingia vizuri, tukiutaja mto wa Kabumbe kidimbwi kwa kidimbwi. Riziki alianza kutoka juu, mimi nikamsahihisha, kwa nani kulikuwa na jiwe la kukalia, nani alikuwa anaimba vibaya, kidimbwi kipi kiliingiwa na mbuzi. Spesioza akaleta mto wao wa Burundi, tukamruhusu. Watoto wa Riziki walipita wameziba pua, wanasemezana Kinyankole na kucheka. Riziki aliwakaripia kwa Kiswahili na wao wakamjibu kwa Kinyankole, na nikaona uso wake ukibadilika. Na mimi nina wajukuu.

Kabla ya kulala akaniomba neno moja. "Kesho, beseni uliache hapa. Mimi minaishi na hawa watu. Mutaingia na hiyo mihogo, batasema Bakongomani ni bachafu, na mimi kesho kutwa niko sokoni na sura hii hii. Sema kwa mdomo tu. Mdomo unao."

Nililala na neno lake. Alikuwa na haki yake. Harufu ile ile iliyomchuchumaza uani ndiyo aliyokuwa anaiogopa mjini. Lakini kwa mdomo tulishawaambia watu wa serikali kwamba maji yale hatuyatumii. Mdomo wetu ulishaharibu kazi.

Asubuhi nilibeba beseni. Riziki alitusindikiza mpaka getini, hakuja.

Mbarara kumejengwa sana. Lami, maghorofa, wanafunzi wengi, na zile pikipiki zinazotaka kukupitia miguuni. Ukumbi ulikuwa mkubwa, na mlangoni askari mmoja mwenye rungu.

"Mama, chakula hapana kuingia."

"Bado si chakula," nikamwambia. "Ukikila sasa utaugua."

Akalifunua jani, akalirudisha upesi. Nadhani alituruhusu ili tuondoke mbele yake.

Ndani, mtu wa kampuni alionyesha picha ukutani: kilima, mashine, barabara mpya, shule iliyopakwa rangi. Alisema vizuri. Vijana wengi walipiga makofi kwa sababu ya kazi, na kati yao niliona vijana wa kwetu wa kambini. Siwalaumu. Kijana asiye na kazi hata kaburi akilipwa atachimba. Wenye mashamba walisema juu ya vumbi na fidia. Kisha mama wa serikali aliyekuwa anaongoza, mwenye miwani na sauti ya chini, akauliza kama kuna mtu kutoka kambini. Kila neno letu lilikuwa linageuzwa Kiingereza na kijana wa kike aliyekaa pembeni yake.

Nilisimama. Nikasema jina langu na kijiji changu. Nikasema, "Mmeandika maji ya bonde hayatumiwi. Yanatumiwa. Haya hapa." Nikaondoa jani.

Mnaijua harufu hiyo katika mahali palipofungwa madirisha. Ilikwenda safu kwa safu. Kwanza wa mbele, kisha wa katikati, kisha kicheko kikaanza nyuma na kuja mbele. Mtu akasema kitu kwa Kinyankole, kicheko kikaongezeka. Nikatafuta kwa macho vijana wetu. Mmoja alikuwa anacheka na wengine, kumbe mama yake kidimbwi chake kiko mkono wa kushoto wa changu.

Mama wa serikali hakucheka. Alingoja pakatulia. Akaniuliza, "Watu wetu walipokuja, kwa nini hamkuwaonyesha?"

"Tulifunika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya hii," nikasema. "Wanavyocheka hivi."

Hapo bwana wa kampuni akainua mkono. Akasema kwa upole kwamba anawaheshimu akina mama, lakini ripoti imeandikwa kutokana na majibu yao wenyewe, na leo wameleta majibu mengine. Serikali ishike yapi? Na mihogo katika beseni inaweza kutoka bonde lolote.

Swali lake lilikuwa swali kweli. Nilikosa la kusema. Ninaandika hivyo kwa sababu najua huko mtasimulia kwamba Mama Wabiwa aliwanyamazisha wote. Sikumnyamazisha mtu. Nilisimama na jani mkononi.

Spesioza ndiye aliyeinuka, na hakulia. Akasema, "Mimi ninalobeka kwenye kidimbwi cha mtu aliyekufa. Kina jina lake. Na yeye amelala juu ya kilima hicho hicho. Mje muone." Akakaa.

Mama wa serikali akaandika kwa muda. Kisha akasema watu wa mazingira watarudi kupima bonde upya, maji na matumizi yake, kabla ya jambo lolote kuamuliwa. Akatuangalia juu ya miwani. "Lakini, mama, wakikuta mmefunika, hawatafunua. Wataandika wanachokiona." Nikamuuliza, na bwana wa afya akija na jembe lake? Akasema hilo hawezi kuniahidi.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi ya Mbarara.

Kesho yake tulirudi na Tumwine tena. Beseni lilikuwa tupu. Mihogo niliiacha kwa Riziki, na yeye aliipokea bila kuniangalia usoni, lakini alikuwa ameshakodi kinu kwa jirani. Njiani Tumwine akauliza mambo yalikwendaje. Nilipomwambia wanarudi kupima, akasema atawaleta ng'ombe wake siku hiyo bondeni mchana kweupe, hata kama hawana kiu. Nikamwambia asilete wengi, watakanyaga mihogo yetu.

Kazi ngumu niliikuta nyumbani. Wanawake hawakutaka kufunua. Mmoja aliogopa jembe la bwana wa afya, mwingine wezi, mwingine alisema wazi kwamba binti yake anaposwa na watu wa mjini na hataki wapite pale waone. Tulibishana mpaka jua likageuka. Mwisho nikaacha kubishana. Nikashuka, nikatupa majani ya kidimbwi changu, nikatupa na nyasi, nikakaa. Spesioza akafunua cha Atosha. Wengine wakaja mmoja mmoja, wananuna.

Watu wa mazingira walirudi kweli. Walikuja na vichupa na mabuti, na yule mama wa miwani akaja nao. Bwana wa afya hakuonekana, lakini anaweza kuonekana siku yoyote, tunajua. Kuhusu kilima, mpaka ninapoandika haya hatujajibiwa. Siwezi kuwaambia kama mawe yatamwagwa au hayatamwagwa.

Nilichojifunza nitakisema bila kukizungusha. Tulipokuwa Kabumbe hatukuficha kitu, tukakimbizwa. Tulipofika huku tukaficha kila kitu, tukidhani mtu aliyefichwa haguswi. Aliyefichwa ndiye wanayemwaga mawe juu yake, na hawana hata kosa, maana hawakumwona.

Jambo la mwisho ni hili. Yule mama alitembea kando ya maji polepole, na kijana wa kike wa kugeuza lugha nyuma yake. Kwenye kidimbwi cha kwanza akasimama, akanyoosha kidole, akauliza kwa Kiswahili chake mwenyewe:

"Hii ya nani?"

Miaka mingi imepita tangu niulizwe. Nilijibu ni yangu. Akapiga hatua. "Na hii?" Wanawake wakaanza kujibu, kila mmoja kwa sauti yake, na yule aliyeona aibu kwa sababu ya posa akajibu kwa sauti kuliko wote. Walipofika kwa Spesioza, akasema, "Ya Atosha. Mimi ninaitunza tu."

Mama wa miwani akaangalia wanawake waliosimama pale, akitafuta Atosha ni yupi. Spesioza akamwonyesha kilima kwa kidevu. Yule mama akageuka, akaangalia juu kwenye mawe, kisha akainama akaandika jina.